Shajara ya mradi: mbao ngumu zinazoingia China na Vietnam, 2000–2023

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nimeanza leo. Swali si langu, ni la baba mkubwa, seremala wa Keko, Dar es Salaam, tangu kabla sijazaliwa. Wiki iliyopita nilimkuta anapiga randa ubao wa mvule. Randa ikagonga kitu, ikalia kama chuma juu ya jiwe. Akasimama, akapuliza maranda, akanionyesha doa jeupe, gumu, limejificha ndani kabisa ya ubao. Mvule ndivyo ulivyo: mti ukijeruhiwa, kwenye kidonda hujikusanya chokaa, ikaganda, mwisho ikawa jiwe kweli. Msumeno ukikutana nalo, meno yanakwenda. Akafungua kisu cha randa, akakipitishia kidole gumba mahali kilipopata pengo, halafu akaniuliza bila kuinua macho:

"Mwanangu, wewe unayeshinda na kompyuta, hebu niambie. Mbao nzuri zinakwenda wapi siku hizi? Zamani mvule unachagua. Sasa nanunua kilichobaki. Ni huyu Mchina anayesemwa kila siku, au wako wengine?"

Nikamwambia, "Nitatafuta, baba mkubwa."

Kwenye daladala nikaona swali lake linataka nchi mbili. China lazima iwepo, maana ndiyo inayotajwa kila karakana. Ya pili nimechagua Vietnam. Mtaani kwetu haitajwi kabisa, na hali ni moja ya nchi zinazouza samani nyingi kuliko zote duniani. Mwaka 2000 mauzo yake ya bidhaa za mbao nje ya nchi hayakufika dola milioni 300. Mwaka 2022 yalivuka bilioni 15. Mbao za kutengenezea samani zote hizo lazima kuna zinakotoka.

Chanzo changu ni Comtrade, hazina ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa. Kila bidhaa inayovuka mpaka hupewa msimbo wa forodha: magogo ni 4403, mbao zilizopasuliwa ni 4407. Nimepakua 4407 ya nchi zote mbili, kuanzia 2000 hadi 2023, nikitenganisha kila nchi waliyonunua kwake. Nikakuta mvule una msimbo wake wenyewe tangu 2007: 440728. Huko duniani unaitwa iroko. Sikutegemea mti wa baba mkubwa uwe na namba ya peke yake, na nikaamua palepale kwamba utapata mstari wake kwenye grafu.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima imeishia kwenye kuamua mbao ngumu ni zipi.

Kwa fundi, ngumu ni ile inayokataa msumari. Kwa takwimu za dunia, ngumu ni mti wowote wa majani mapana, na laini ni jamii ya misonobari. Kwa hesabu hiyo balsa, ambayo mtoto anaweza kuikatia kwa wembe, ni mbao ngumu. Hili si suala la majina tu. Kati ya 2019 na 2020 China ilikuwa inasimamisha mitambo ya umeme wa upepo kwa kasi kubwa, na ndani ya mapanga ya mitambo hiyo kulikuwa na balsa ya Ekuado. Balsa imo kwenye msimbo 440722, pamoja na miti mingine miwili. Anayetazama jumla ya mbao ngumu za miaka hiyo bila kujua habari ya balsa atadhani ni meza na milango.

Njia niliyofuata ni kuchukua 4407 yote na kutoa misonobari. Inasikika rahisi, lakini misimbo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Hadi toleo la 2012 misonobari yote ilikuwa 440710. Toleo la 2017 likaigawa kuwa 440711, 440712 na 440719. Toleo la 2022 likaongeza 440713 na 440714. Nilikuwa nimeisahau hiyo miwili ya mwisho, na mwaka 2022 "mbao ngumu" za China zikaruka ghafla kwenye jedwali langu. Zilikuwa mbao laini za Kanada. Nimezitoa.

Kuna jambo jingine la 2017 ambalo ni gumu zaidi kuliona. Kabla ya hapo, ili mti uandikwe kuwa wa ukanda wa joto ilibidi jina lake liwe kwenye orodha maalumu ya sura ya 44 ya misimbo hiyo, sura ya mbao: iroko, sapeli, merbau na mingine mingi. Mti ambao haumo kwenye orodha uliangukia 440799, kapu la mwisho, hata kama umekatwa Kameruni katikati ya msitu wa mvua. Toleo la 2017 liliifuta orodha hiyo. Kwa hiyo 440729, kapu la miti mingine ya ukanda wa joto, inaweza kupanda na 440799 ikashuka bila meli moja kuongezeka baharini. Nimeamua kuyajumlisha makapu haya mawili kwa miaka yote na kuyachora kama mstari mmoja. Ninapoteza undani kidogo, lakini sitaki grafu inayosema uongo.

Jumamosi, 1 Februari

Vipimo. Kila mstari wa jedwali una thamani kwa dola na uzito kwa kilo, na mara nyingine ujazo kwa mita za ujazo. Ujazo haukujazwa kila mwaka.

Kwanza nilifikiri nitageuza kilo kuwa mita za ujazo kwa namba moja ya wastani. Nimeacha, na sababu iko kwenye mbao zenyewe. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu za mti wa Marekani ambao kwenye biashara ya nje huitwa tulipwood ina kilo kama 450. Ya tali, mti mzito wa Afrika ya Kati, ina kama 900. Tani moja ya ule wa kwanza ni zaidi ya mita mbili za ujazo. Tani moja ya wa pili haizidi sana mita moja. China na Vietnam hazinunui mchanganyiko uleule wa miti, na Vietnam hununua tulipwood nyingi na tali nyingi kwa pamoja. Namba moja ya wastani ingeongeza hapa na kupunguza pale, na nisingejua wapi. Sasa kila msimbo na kila nchi inayouza vina uzani wake. Ni kazi ya jioni tatu, lakini imekwisha.

Nikagawa pia thamani kwa ujazo kila mstari, nipate bei ya mita moja. Hapo ndipo makosa ya waandishi wa takwimu hujitokeza. Mstari mmoja ulinipa mita nzima ya ujazo kwa bei ya gunia la mkaa. Nikaufungua: safu ya ujazo ilikuwa na namba ileile ya safu ya kilo, tarakimu kwa tarakimu. Mtu alinakili tu. Nimeandika kanuni: bei ikitoka nje ya kiwango cha kawaida cha mti huo kwa mara tano, ujazo unafutwa na unakadiriwa upya kutoka kwenye uzito.

Jumamosi, 8 Februari

Leo ni fupi. Programu yangu ilikuwa inatambua nchi kwa jina, na ikaziunganisha Kongo mbili kuwa moja. Nimehamia kwenye namba: 178 ni Kongo ya Brazzaville, 180 ni Jamhuri ya Kidemokrasia. Kwa msomaji wa mbali huenda ni jambo dogo. Kwa mtu anayetaka kujua mvule wa Ituri na sapeli ya kaskazini ya Brazzaville vimekwenda wapi, ni msitu mmoja kuhesabiwa kwa jina la mwingine.

Jumamosi, 15 Februari

Grafu ya kwanza imetoka. Nimeitazama muda mrefu kabla ya kuandika.

Mstari wa China ni mlima. Unaanza chini mwaka 2000, unapanda karibu bila kupumzika, unafika kileleni katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, kisha unateremka. Wa Vietnam uko chini sana yake, kama kilima kando ya mlima, ila unapanda polepole na kwa muda mrefu zaidi.

Sababu ya mlima wa China inaanzia kwenye maji. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika ukaua maelfu ya watu, na serikali ikaona kwamba vilima vilivyokatwa miti ndivyo vilivyoshindwa kuzuia mvua. Ikaanza kupiga marufuku ukataji kwenye misitu ya asili, ikaondoa ushuru wa magogo na mbao zinazoingia, na mwishoni mwa 2001 ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 1998 China iliingiza magogo ya aina zote yasiyofika mita za ujazo milioni 5. Mwaka 2017, mara tu baada ya marufuku ya ukataji wa kibiashara kuenea kwenye misitu yote ya asili ya nchi hiyo, magogo yalikuwa zaidi ya milioni 50, na mbao zilizopasuliwa zaidi ya milioni 35, kama theluthi moja yake mbao ngumu. Niliposoma hayo nilikaa kimya. Nchi moja ilipumzisha misitu yake, na mzigo ukahamia kwenye misitu ya wengine.

Mteremko nao una sababu ya wazi. Mbao ngumu za China zilikuwa zinaingia kwenye nyumba mpya: sakafu, milango, ngazi. Kampuni kubwa za ujenzi zilipozama kwenye madeni kuanzia 2021, mbao zikapungua nazo. Jumla ya mbao zilizopasuliwa, laini na ngumu, ilikuwa zaidi ya mita za ujazo milioni 35 mwaka 2019. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya milioni 30.

Kilima cha Vietnam kina habari nyingine kabisa, na ufunguo wake uko Marekani. Januari 2005 Marekani iliziwekea samani za vyumba vya kulala kutoka China ushuru maalumu wa kuzuia bei za kutupa. Wanunuzi wakatafuta kiwanda kingine, wakakipata Bình Dương na Đồng Nai, karibu na Jiji la Ho Chi Minh. Januari 2007 Vietnam nayo ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani. Mbao zinazoingia Vietnam kwa sehemu kubwa haziishii Vietnam. Zinakuwa vitanda na makabati, kisha zinapanda meli tena.

Jibu nililotaka kumpelekea baba mkubwa lilikuwa: China, tena kwa mbali. Ila kuna jambo lilinizuia. Nilipopanga nchi zinazoiuzia China mbao ngumu kwa ujazo, nyingi zilikuwa zinatoka Thailand, na hizo ni za mti wa mpira. Wakulima hugema utomvu kwa miaka kama 25, mti ukichoka wanaukata, wanapasua mbao, wanapanda mwingine. Hakuna msitu wa asili uliokatwa hapo. Mbao hizo zinakaa kwenye safu moja na mvule wa miaka mia, mita kwa mita. Nimezitenga kwa rangi yake. Baada ya kuzitenga, tofauti kati ya mlima na kilima bado ni kubwa, lakini si ile niliyoiona asubuhi.

Jumamosi, 22 Februari

Leo mradi umebadilika, na ni Gabon iliyoubadilisha.

Nilikuwa nafuatilia mbao za China kutoka Gabon. Miaka ya 2000 mstari uko karibu na sakafu. Baada ya 2010 unainuka na kuendelea kuinuka. Ukisoma hivyo utasema China iliivamia misitu ya Gabon baada ya 2010. Nikapakua 4403, magogo, na picha ikageuka. Magogo ya Gabon yaliyokuwa yanakwenda China kwa wingi, hasa okume ya kutengenezea plaiwudi, yanashuka mwaka uleule kama yamekatwa kwa panga. Mei 2010 Gabon ilianza kutekeleza marufuku ya kusafirisha magogo. Viwanda vya kupasulia vikajengwa Nkok, nje kidogo ya Libreville. Tangu hapo mti wa Gabon unafika China ukiwa umepasuliwa au umekatwa kuwa tabaka nyembamba. Mti ni uleule, bandari ni zilezile. Kilichobadilika ni namba ya forodha.

Kwa hiyo kulinganisha 4407 peke yake ni kulinganisha nusu ya habari. Nchi inayonunua magogo na kuyapasua kwao itaonekana ina mbao chache kuliko nchi inayonunua mbao zilizopasuliwa tayari, hata kama zimekula miti sawa. Na kila nchi inayouza ikipiga marufuku magogo, wanunuzi wake wanaonekana wameongeza mbao. Myanmar ilifanya hivyo 1 Aprili 2014. Laos ilizuia Mei 2016, tena yenyewe ilizuia magogo na mbao ghafi kwa pamoja.

Nimeongeza 4403 ya miti ya majani mapana kwa nchi zote mbili, na nimegeuza kila kitu kuwa kipimo kimoja: ujazo wa gogo. Ili kupata mita moja ya mbao ngumu zilizonyooka unahitaji kama mita mbili za gogo. Nyingine inabaki kuwa vumbi, magamba na vipande. Kwa hiyo mbao nazizidisha mara mbili, magogo nayaacha yalivyo. Nimemuuliza baba mkubwa kama mbili ni sawa. Akasema kwa mvule wenye mapango ndani, mbili ni kidogo. Nimebaki na mbili, na nimechora ukanda hafifu kuonyesha hali ikiwa mbili na nusu.

Jina la mradi nimeliacha kama lilivyo, mbao ngumu, lakini namba ninayoilinganisha sasa ni magogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika hii baada ya futari. Jana China imesimamisha uingizaji wa magogo kutoka Marekani. Sababu iliyotolewa na forodha yao ni wadudu waliokutwa kwenye magogo. Nimeisoma tangazo mara mbili kuhakikisha: ni magogo. Mbao zilizopasuliwa hazimo kwenye amri hiyo. Mwezi mmoja uliopita ningepita bila kuona umuhimu wa neno hilo.

Takwimu zangu zinaishia 2023, kwa hiyo amri hii haimo kwenye grafu. Ila imenirudisha kwenye vita ya ushuru ya 2018, ambayo imo. Kabla yake China ilikuwa inanunua karibu nusu ya mbao ngumu ambazo Marekani inauza nje: mwaloni mwekundu, mwaloni mweupe, mti uitwao ash, mjozi mweusi (walnut). Septemba 2018 China iliweka ushuru kwenye mbao hizo, na Juni 2019 ikaupandisha, kwa baadhi ya aina hadi asilimia 25. Mstari wa mwaloni, 440791, unaonyesha anguko hilo waziwazi. Wapasuaji wa milima ya Appalachian, mashariki mwa Marekani, wengi wao watu wa viwanda vidogo vya familia, waliona mnunuzi wao mkubwa akipunguza sana manunuzi. Ushuru huo haukuwekwa kwa ajili ya miti, lakini ni miti iliyobadilisha njia. Ndiyo sababu nimeweka mistari ya wima kwenye grafu kwa kila sheria kubwa, ili msomaji asidhani kila kupanda ni tamaa na kila kushuka ni huruma kwa msitu.

Jumapili, 16 Machi

Vietnam, Laos na mwavi.

Hadi 2015 majirani wa Vietnam, Laos na Kambodia, walikuwa kati ya wauzaji wake wakubwa wa mbao za thamani. Mwaka 2016 mambo yakafungwa kwa mfululizo. Kambodia ilikaza mpaka wake mapema mwaka huo. Mei, waziri mkuu wa Laos akatoa amri niliyoitaja. Juni, waziri mkuu wa Vietnam akatangaza kufungwa kwa misitu ya asili ya Nyanda za Juu za Kati. Mstari wa Laos unaanguka. Mstari wa jumla hauanguki, na hapo ndipo nilipotaka kujua pengo limezibwa na nani.

Sehemu kubwa ya jibu ni Afrika, na Kameruni mbele. Mti unaotajwa sana ni tali. Nikatafuta tali ni mti gani: ni Erythrophleum, na moja ya spishi mbili zinazouzwa kwa jina hilo ni Erythrophleum suaveolens. Nikaacha kuandika nikampigia simu baba mkubwa.

"Shikamoo baba mkubwa. Mwavi unaujua?"

"Marahaba. Mwavi nani asiyeujua? Ule wa kiapo."

Ndiyo huohuo. Mti ambao magamba yake yalikuwa yananyweshwa watuhumiwa wa uchawi, anayetapika ameshinda, anayekufa ameshindwa. Mbao zake ni nzito na nyekundu, mchwa hawaziwezi, na Vietnam wanazipendea sakafu, milango na nguzo. Baba mkubwa akanyamaza kidogo, akasema baba yake alikuwa hakubali hata kivuli cha mti huo. Kisha akaniuliza wanaununua kwa bei gani.

Bei siwezi kumpa kwa uhakika, kwa sababu tali haina msimbo wake. Imezama ndani ya kapu nililoliunganisha Januari. Ninachokiona ni kwamba kapu hilo, kwa upande wa Vietnam na kwa mzigo wa Kameruni, limekuwa zito, na kilo zake kwa mita ni nyingi.

Vietnam haikukaa bila sheria. Oktoba 2018 ilisaini makubaliano na Umoja wa Ulaya kuhusu uhalali wa mbao, yakaanza kazi Juni 2019, na mwaka 2020 ikatoa amri ya kuhakiki mbao zinazoingia. Mwaka huohuo, Oktoba, Marekani ikafungua uchunguzi kuhusu mbao haramu kwenye samani za Vietnam. Mwaka mmoja baadaye nchi hizo zikakubaliana bila ushuru kuwekwa. China nayo, kuanzia Julai 2020, sheria yake mpya ya misitu inakataza kununua na kusindika mbao ambazo mtu anajua ni haramu. Yote haya yana mistari yake ya wima. Sijaona mstari wowote wa takwimu ukipinda mahali hapo kama ulivyopinda kwa Gabon au kwa Laos. Marufuku ya anayeuza huonekana kwenye grafu mwaka uleule; sheria ya anayenunua inahitaji muda zaidi.

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbili kabla ya Idi. Nimefanya jambo nililokuwa naliogopa: kulinganisha kilichoandikwa na mnunuzi na kilichoandikwa na muuzaji.

Sisi Tanzania tuna historia ya jambo hili. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, misitu ya kusini ikafikika kwa lori mwaka mzima, na mninga, mpingo na mvule vikaanza kusafirishwa kwa wingi. Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba China iliandika imepokea kutoka Tanzania bidhaa za mbao mara 10 ya zile ambazo Tanzania iliandika kuziuza nje. Mara kumi. Niliposoma namba hiyo niliwaza vijiji ambavyo ushuru wa magogo ungejenga madarasa yao. Nimeumia, na siandiki hili kwa kupamba.

Kwa ajili hiyo mradi mzima unatumia takwimu za anayepokea, kwa nchi zote mbili, na wauzaji wote wanapimwa kwa mzani mmoja. Bado kuna tundu ambalo njia hii hailizibi. Mkurungu wa Katanga, unaoitwa mukula huko Kongo na Zambia, ulipita kwenye bandari kadhaa ikiwemo Dar es Salaam kuelekea China, na nchi ya asili kwenye karatasi ni ile anayoitaja aliyeiandika karatasi hiyo. Tangu 26 Novemba 2019 mti huo uko kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na unahitaji kibali. Kwa magogo yaliyopita kabla ya hapo, jedwali haliwezi kuniambia yaliota wapi. Nimeyaweka kwenye rangi ya kijivu.

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki mbili za ushuru. Tarehe 2 Marekani ilitangaza asilimia 46 juu ya bidhaa za Vietnam, tarehe 9 ikaahirisha kwa siku 90, na mbao zikawekwa kando kusubiri uchunguzi wake uliofunguliwa Machi. Kama Bình Dương itakosa wateja wa Marekani, tali ya Kameruni itapunguza safari kabla ya mwaka kwisha. Nimeacha nafasi upande wa kulia wa grafu kwa ajili ya 2024 na 2025.

Asubuhi nilichapisha karatasi kubwa, nikaenda nayo Keko. Baba mkubwa akafuta vumbi mezani kwa kiganja, tukaitandaza, tukaibana pembe kwa patasi na nyundo. Nikamweleza. China imechukua magogo mengi kuliko Vietnam kila mwaka wa miaka yote 24, hata ukitoa miti ya mpira, lakini inapungua kwa sababu nyumba hazijengwi kama zamani. Vietnam inachukua kidogo kwa kulinganisha, lakini kwa miti mizito ya Afrika imekaza mwendo tangu Laos ilipofunga, na mingi inatoka huko ikiwa vitanda vya watu wengine.

"Kwa hiyo wako wengine," akasema.

"Wako, baba mkubwa."

Akatafuta mvule. Nikamwonyesha mstari wa 440728, rangi ya hudhurungi. Akaufuata kwa penseli ya kazi, mwaka kwa mwaka, bila kusema kitu, mpaka mwisho wa karatasi. Kisha akarudi kwenye orodha ya rangi pembeni, akaisoma yote, akauliza mwavi uko wapi. Nikamwambia hauna namba, umo ndani ya hilo kapu la miti mingine. Akalamba ncha ya penseli, na katikati ya 440728 na 440729 akaandika kwa herufi kubwa: MWAVI.

Nimepiga picha ukurasa huo. Kazi ya wiki ijayo ni kupakua takwimu za Kameruni zenyewe, upande wa muuzaji, nione kama huko wanaziandika mbao za tali kwa jina.